Mfuko Ulioshonwa kwa Uzi Mwekundu

Droni ilianguka Jumamosi saa sita mchana, wakati bustani ya mpakani imejaa watu mpaka mbwa wamekosa pa kulala. Wageni kutoka bara walikuwa wakitoka madukani na chupa za pombe na manukato ya bei nafuu, wauza soksi wanaita kwa lugha mbili katika sentensi moja. Upepo wa kusini ukaja ghafla, ule wa mwezi wa saba unaopenya mpaka mbavuni, ukaikamata droni ya Zulmira Techera juu ya mnara wa bustani, ukaivusha mtaa na kuitupa kwenye turubai la duka la fotokopi.

Zulmira akaifuata mbio. Hapo alipotoka ni Rivera, nchi ya Uruguay. Hapo alipofika ni Livramento, nchi ya Brazili. Katikati kuna mtaa tu. Mstari huo ulichorwa na wakubwa wasiowahi kuosha sahani zao wenyewe, na tangu siku hiyo watu wa pande mbili wameupa heshima unayostahili: wanaukanyaga, wanautemea, wanaoana juu yake. Mkate hununuliwa huku, dawa kule. Anayevuka mtaa na karatasi mkononi ni mgeni au ni mpelelezi.

Mlangoni pa duka alisimama kijana mrefu, shati limefungwa vifungo hadi kooni, kalamu tatu mfukoni. Jina lake Dirceu Fagundes. Droni aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeokota kifaranga.

"Dada, kidudu chako nusura kinitoboe utosi."

"Kidudu? Hicho kinanilipia kodi ya nyumba. Lete."

"Kina kitambulisho?"

"Kwani wewe ni askari?"

"Mimi ni muuza fotokopi. Ila kitu kikiniangukia kutoka mbinguni, lazima niulize kwao wapi."

Zulmira alitaka kukasirika, akacheka. Dirceu alimtazama: nywele fupi, skafu ya manjano, buti zenye tope, na koti la sufu la kahawia, kubwa kidogo, la kiume. Mfuko wa kifuani wa koti ulikuwa umeshonwa mdomo kwa uzi mwekundu.

"Na huo mfuko? Fundi alisinzia?"

"Fundi yuko macho kuliko wewe," alisema Zulmira, akachukua droni yake, akaondoka. Alipofika katikati ya mtaa aligeuka kutazama. Dirceu naye alikuwa hajaingia ndani.

Siku chache baadaye walipeana namba, na baada ya hapo simu hazikukatika.

"Bwana Nailoni, umeamkaje?"

"Nimeamka nikiwaza mwewe mmoja wa ng'ambo."

"Fungia vifaranga vyako."

"Nimeshaacha mlango wazi."

Jina la Bwana Nailoni lilitokana na kazi yake. Kila karatasi iliyopita mikononi mwake aliivalisha nailoni kwenye mashine ya moto: vitambulisho vya wastaafu, vyeti vya ubatizo, hata risiti ya kanzu ya arusi ya dada yake. Jioni walikaa kwenye benchi la bustani, yeye mguu wake Brazili, Zulmira mguu wake Uruguay, wakipokezana kibuyu cha yerba, chai ya majani ya kwao, kila mmoja akinyonya kwa bomba lile lile. Watu waliwapitia wakiguna. Wacha wagune.

Mwezi wa pili wa kujuana kwao Zulmira alikuja na habari. Ushirika wa wanawake wasokota sufu ulikuwa umempa kazi kubwa kuliko zote: kuipiga picha kutoka angani safari ya sufu, kutoka mashamba ya Uruguay, kupitia Brazili, hadi viwandani Argentina. Basi lingeondoka Ijumaa ya wiki iliyofuata. Sharti lilikuwa moja: rubani awe na uthibitisho wa usajili wake kwa kila nchi, na aubebe mwilini. Asiyekuwa na vyeti vitatu hapandi; kazi anapewa mwingine.

"Unavyo vingapi?" aliuliza Dirceu.

"Kimoja. Cha kwetu. Kipo kwenye kopo la biskuti."

"Kopo la biskuti nalo litapanda basi?"

"Usinitanie. Sisi akina Techera hatubebi karatasi."

Akamweleza. Mwaka wa sabini na sita majenerali walikuwa wamekalia pande zote mbili za mtaa, na jambo pekee walilokubaliana lilikuwa orodha ya watu wa kukamatwa. Babu yake, Nicanor, mfanyakazi wa kiwanda cha nyama, alivuka kununua mafuta ya taa. Askari wakampekua. Mfuko wa kifuani ulikuwa na kadi ya chama cha wafanyakazi, yenye jina lake. Mfuko ungekuwa mtupu, angejiita jina lolote na kurudi na mafuta yake. Alirudi baada ya miaka saba, na mkono usioweza kushika kikombe. Asubuhi ya pili baada ya babu kuchukuliwa, bibi yake, Bi Eulalia, alichukua sindano na kushona mfuko wa kifuani wa kila koti lililokuwa nyumbani. Hili alilovaa Zulmira lilikuwa koti la Jumapili la babu.

Kibuyu kikapoa mkononi mwa Dirceu.

"Baba yangu alikuwa mswaga ng'ombe," alisema mwishowe. "Alifia barabarani, mbali na kwetu. Mfukoni walikuta kisu na tumbaku. Wakamzika bila jina. Mama alilitafuta kaburi miezi kumi na moja, Zulmira. Sasa nikiona mtu wangu anatoka bila karatasi, naanza kulitafuta kaburi upya."

"Mimi ni mtu wako?"

"Mimi nazungumzia makaburi, wewe umesikia hilo tu!"

"Nimesikia yote. Hilo nimelipenda."

Waliagana kwa busu, lakini kila mmoja aliondoka na hofu yake.

Jumamosi iliyofuata Zulmira alikuwa Livramento akipiga picha arusi ya binti wa muuza matairi. Bibi arusi alisimama kwenye ngazi za kanisa na shela lililopepea kama pazia la treni, droni ikamzunguka taratibu. Nyuma ya kanisa mwenye mashamba mmoja alitua na helikopta yake, mavumbi yakajaa kwenye keki, na walinzi wawili wa ofisi ya usajili wa ndege wakampigia saluti. Kisha walinzi hao hao wakamjia Zulmira.

"Wewe ndiye Zulmira Techera?"

"Ndimi."

"Cheti cha usajili wako wa huku?"

"Ninacho cha Uruguay. Kipo nyumbani, kwenye kopo la biskuti."

"Dada, kopo la biskuti halisomeki kutoka hapa."

"Na yule wa helikopta mmemsoma?"

Wakaitia droni kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga.

"Jina langu mmelitoa wapi?" aliuliza Zulmira.

"Kuna kijana wa fotokopi alikuja ofisini Jumatano, kuulizia habari zako."

Alimpigia simu pale pale, mbele ya waalikwa.

"Uliwapa jina langu."

"Zulmira, nisikilize kwanza..."

"Ulilitamka au uliliandika?"

"Niliandika, lakini..."

"Hata babu yangu aliandikwa." Akakata.

Jumapili Dirceu alipiga mara tisa. Jumatatu alivuka mtaa na mikate ya jibini ikiwa bado moto. Bi Eulalia akaichukua mikate, akafunga mlango. Jumanne hakupiga. Zulmira aliitazama simu siku nzima, akaitukana kwa kunyamaza.

Alhamisi asubuhi, basi likiwa limebakiza siku moja, alipiga moyo konde na kwenda ofisi ya usajili kuomba droni. Mezani alikaa mwanamke mwenye mafua na leso mbili. Alivuta jalada, akaligeuza limwelekee.

"Huyo kijana wako ni msumbufu sana. Saa mbili nzima! Alitaka kujua mtu wa ng'ambo ya mtaa anasajiliwaje huku. Tazama, kajaza kila kitu. Na fomu ya Argentina kakujazia pia, tutaituma kwa mtandao; imebaki saini yako."

Zulmira alitazama. Mwandiko wa Dirceu, ulionyooka kama mstari wa wanafunzi. Nafasi moja ilikuwa wazi.

"Hapa mbona hakuandika?"

"Anwani. Lazima uwe na makazi upande huu. Nikamwambia, weka ya kwako, mambo yaishe, nani atachunguza? Akakataa katakata. Akasema nyumba anayoishi mwanamke, mwanamke ataitaja mwenyewe."

"Na walinzi walilipataje jina langu?"

Mwanamke alipenga kamasi. "Jina likishalala juu ya meza, kila apitaye hulisoma. Lete anwani leo, kesho asubuhi unapata vyeti vyote viwili na ndege yako."

Dukani kulikuwa na foleni ya watu sita. Dirceu, macho mekundu, alikuwa akiingiza kitambulisho cha mzee mstaafu kwenye mashine. Zulmira aliwapita wote.

"Foleni, dada!" alifoka mama mwenye kapu.

"Nimeshapanga foleni tangu Jumamosi, mama." Akaweka jalada juu ya kaunta. "Dirceu. Kwa nini hukuniuliza kwanza?"

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa."

"Basi nilikosea. Jina lako si mali yangu kulipeleka kwenye meza za watu. Nisamehe."

Zulmira alikuwa amejiandaa kwa utetezi. Kwa neno hilo hakuwa amejiandaa. Akasukuma kalamu mbele yake.

"Niandike."

"Wapi?"

"Hapo palipo wazi. Mtaa huu, nyumba hii, juu ya duka, chumba chenye dirisha la kijani."

"Hapo ndipo ninapolala mimi."

"Najua unapolala."

Foleni ikaguna kwa pamoja. Dirceu akawa mwekundu hadi kwenye vifungo.

"Ukitia saini na wewe huishi hapo, Zulmira, itakuwa uongo."

"Basi isiwe uongo."

"Unajaza fomu au unaniposa?"

"Fomu imetaka anwani. Mimi namtaka mwenye nyumba. Jibu, watu wanasubiri."

"Kijana!" alipiga kelele mzee mstaafu. "Uso wangu unaungua!"

Moshi ulikuwa unatoka kwenye mashine. Dirceu alikitoa kitambulisho, kimevimba kama chapati, mzee ndani yake amekuwa na mashavu mawili ya ziada. "Nitakupa kingine bure, baba. Nitakupa kumi." Kisha akamgeukia Zulmira, "Ndiyo. Ndiyo, mwewe wangu," na mama mwenye kapu akawa wa kwanza kupiga makofi.

Jioni walikwenda pamoja kwa Bi Eulalia. Zulmira alisema yote kwa pumzi moja. Bibi alimpima Dirceu kutoka kiatu hadi nywele.

"Mikate yako ilikuwa na chumvi nyingi."

"Nitapunguza, bibi."

"Na wewe ndiye unayependa kuandika majina ya watu."

"La huyu sitaliandika tena bila yeye, bibi."

Bi Eulalia akanyoosha mkono. "Lete koti." Alilipakata magotini, akachukua wembe wake wa kushonea, akakata uzi mwekundu, tundu kwa tundu. Karibu miaka hamsini ilikuwa imekaza uzi ule. Mfuko ulipofunguka aliingiza vidole viwili, vikatoka na punje za tumbaku, kavu, nyeusi. Alizinusa. Dirceu akainamisha uso.

"Wakikuuliza, waonyeshe," bibi alimwambia mjukuu wake. "Lakini mfuko uwe na kifungo, na kifungo akifungue mwenye koti."

Akatafuta kifungo kwenye kopo. Kwenye kopo la biskuti.

Ijumaa mchana basi liliondoka na wanawake wa ushirika, marobota ya sufu, droni, na Dirceu, aliyebandika mlangoni pa duka tangazo la kufunga siku sita, lililovalishwa nailoni. Kesho yake, kwenye daraja la mto baada ya Uruguaiana, mji wa mwisho wa Brazili, mlinzi wa Argentina alipanda, akaona sanduku la droni.

"Rubani nani?"

Zulmira alifungua kifungo mwenyewe, bila haraka. Akatoa cha kwanza, cha pili, cha tatu, vyote vinang'aa. Mlinzi alivisoma, akamrudishia; Zulmira akavitia mfukoni mwenyewe, maana hakuruhusu mkono wa mtu uguse mfuko ule.

"Sawa. Na huyu pembeni yako? Naye rubani?"

Zulmira alifunga kifungo, akamshika Dirceu mkono.

"Huyu siye rubani, bwana. Huyu ndiye anwani yangu."