Sauti ya Njambi

Wakonyo alikula akiwa amesimama. Ngendo, mama yake, alidhani ni mbavu bado zinamuuma, kwa sababu haikuwa zamani tangu lori la wachumaji kahawa lilipopinduka kwenye kona ya mto, karibu na Ruiru, na kuwamwaga watu wote barabarani. Walipona wote isipokuwa Njambi, rafiki wa Wakonyo, mtoto wa pekee wa Magdalene aliyekaa chumba cha pili.

"Keti, mwanangu."

"Siwezi, maitu. Kuna mtu."

Ngendo akatazama kigoda. Kilikuwa kitupu.

Basi mambo yakaharibika. Gari likipita barabarani, mtoto hujikojolea. Mlango ukibamizwa, huyo, chini ya kitanda, masikio kayaziba. Chumba nacho kikaanza kunuka petroli. Ngendo akafua mablanketi, akafukiza majani ya mkalitusi, lakini harufu ilirudi, na kila ilipozidi alimkuta Wakonyo amesimama pembeni akinong'ona.

"Unaongea na nani?"

"Njambi. Anasema nitoke mahali pake."

Ngendo alimbembeleza hadi akasema. Asubuhi ile ndani ya lori Wakonyo alilalamika baridi, na Njambi akampisha katikati, penye joto, yeye akaenda kukaa ukingoni. Mtoto aliyasema hayo bila chozi, kama anayesomewa maneno na mtu mwingine.

Kuta za laini zile, safu za vyumba vya wafanyakazi, zilikuwa mbao tupu, na Magdalene alisikia yote. Kuanzia kesho yake, kila alipokutana na mtoto kwenye bomba la maji, alimwinamia akamwambia polepole, "Ungekuwa wewe." Ngendo alimsihi, alimtukana, nusura wapigane. Mumewe alikuwa kizuizini. Hakuwa na wa kumsemea.

Jioni moja akirudi na kuni alisikia ndani ya chumba chake mlio wa breki, mrefu, mkali, kama gari limeingia mpaka kitandani, na alipousukuma mlango ile harufu ilimkaba koo akamwona mwanawe amesimama ukutani, vidole vya miguu vikigusa ardhi kwa shida, macho yamegeuka meupe, na kinywani mwake ikitoka sauti ya Njambi, ile ile yenye kithembe aliyoizoea miaka yote, ikisema, "Toka, toka, toka."

Kulipopambazuka aliomba kibali kwa nyapara, akamshika mtoto mkono wakaenda Thika kwa miguu, kwa sababu Wakonyo hakukubali kupanda gari lolote. Magdalene aliwafuata nyuma. Hakuna aliyemwalika.

Bi Mishi, mganga wa Majengo, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifukiza ubani, akamfunika mtoto kanga, akasoma mpaka kanga ikaanza kutikisika.

"Wewe nani?"

"Njambi."

Magdalene alishika kinywa.

"Nyumbani mama yako alikuwa akikuitaje?"

Chini ya kanga kikatoka kicheko kizito, si cha mtoto. "Mimi ni wa mtoni. Huyu nilimkuta mlango wazi, na huyo mama aliyefiwa kila siku ananiongezea kuni kwa maneno yake."

"Toka."

"Niende wapi?" Sauti ikageuka tena, ikawa nyembamba, ya kulia. "Kuna baridi."

Magdalene akainuka. "Njoo kwangu."

"Mama, nyamaza!" Bi Mishi alifoka. "Huyo si mwanao!"

"Najua si yeye," Magdalene akasema, mikono ameifungua. "Lakini sauti ni yake."

Kanga ikaanguka. Wakonyo akakaa chini puu, akatazama huku na huku.

"Maitu, Njambi alikufa?"

"Ndiyo, mwanangu."

Hapo ndipo alipolia. Alilia njia nzima mpaka nyumbani, na Ngendo hakumnyamazisha. Magari aliendelea kuyaogopa, lakini sasa ulikuwa woga wake mwenyewe, na mama aliweza kumshika mkono mpaka gari lipite. Alikula amekaa. Alilala.

Magdalene hakuongea nao tena, wala hawakumwona akilia. Siku hizo aliimba akipika. Jioni moja Ngendo akimsuka mwanawe alisikia kule ng'ambo ya mbao sahani mbili zikiwekwa chini.

"Kula, mama," Magdalene akabembeleza. "Bado moto."

Kijiko kikagonga sahani. Halafu ile sauti yenye kithembe ikajibu, imeshiba, ina furaha:

"Mama, mwite Wakonyo tucheze."

Ngendo alimziba mwanawe masikio kwa mikono yote miwili. Upande wa pili, vidole vidogo vikaanza kugonga ukuta.