Rudisha Cherehani Yangu

"Fundi Abeid, toa mkono wako kwenye cherehani yangu."

Mafundi wote wanne wa baraza ile ya Mikindani waliacha kushona. Abeid aliondoa mkono taratibu.

"Shemeji, mimi sina kosa. Kaileta mumeo mwenyewe asubuhi hii."

Mume wangu, Isihaka, alikuwa amekaa palepale kando, anakunywa kahawa. Ilikuwa Jumapili, hakuwa na zamu gatini, bandarini Mtwara. Mimi nilikuwa natoka kijijini Ziwani kumtazama mama. Nilifika nyumbani nikakuta meza tupu dirishani, na kikaratasi juu yake. Sasa pale barazani nilikitoa kwenye pindo la kanga nikakisoma kwa sauti, kila mtu asikie:

"Mke wangu, kuanzia kesho utashonea barazani kwa Abeid, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kama watu wengine wenye kazi."

Nyumbani nilikuwa nashona tangu chai ya asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, basi. Magauni yalikwisha, kanzu zilikwisha, hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Mchana nilikuwa nalala, nikiamka naoga, naenda kusukwa nywele kwa Mastura. Nikitaka kushona jioni nashona, nisipotaka sishoni. Maisha hayo niliyapenda, wala sioni haya kusema.

"Nimekukosea nini, Isihaka?"

"Twende tukaongee nyumbani."

"Cherehani iko hapa, tutaongea hapa."

Akaweka kikombe chini.

"Mimi king'ora kinaniita, king'ora kinanifukuza. Nabeba magunia ya korosho mpaka shingo inakufa ganzi. Nikirudi nakukuta umetoka kuamka, umejipaka liwa usoni, unacheka na Mastura. Inaniuma."

"Inakuuma mimi kupumzika?"

"Ndiyo. Inaniuma."

Afadhali angeniambia ana mwanamke mwingine, ningejua pa kuanzia.

"Siku ya ndoa yetu shehe alikuuliza mahari. Ulitaja nini?"

Akainamisha kichwa.

"Nakuuliza. Abeid alikuwa shahidi, kama umesahau atakukumbusha."

"Cherehani."

"Na mahari ni ya nani?"

Abeid alijitia kutafuta sindano sakafuni.

"Yako," alisema Isihaka. "Kwa kuwa niliinunua mimi, nikaiona ni yangu."

"Basi umechukua kisicho chako. Ibebe."

Akajitwika ile cherehani ya mkono kichwani. Njia nzima watu walimuuliza kama amekuwa fundi, asiwajibu. Mimi nilitangulia mbele na sikugeuka hata mara moja.

Nyumbani aliirudisha mezani dirishani, akaifuta vumbi kwa shati lake, akazungusha gurudumu kuona kama li zima. Jasho lilimtiririka shingoni, pale penye sugu la magunia. Nilimpenda mwanamume huyu, na hilo lilizidi kunikasirisha.

"Nilikuonea wivu, Mwanaamina. Mke wangu mwenyewe. Nisamehe."

Adhana ya adhuhuri ikasikika msikitini.

"Kusamehe nitakusamehe," nilimwambia, "lakini kwa saa zangu. Sasa naswali, halafu nalala. Njoo uniulize tena baada ya alasiri."

Alikaa kizingitini akingoja. Na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nililala fofofo.