Mume Wangu Aliona, Akasema Mpira Umetoka!

Nina miaka arobaini na moja, ni mama wa watoto wawili, na ninaishi Joubert Park, Johannesburg, katika ghorofa ambalo lifti yake haijawahi kufanya kazi tangu nihamie. Nawaandikia nikiwa na hasira. Watu wananiambia miaka imepita, nipoe. Sijapoa! Nikishawasimulia yaliyonipata, semeni wenyewe kama ningepaswa kupoa...

Mimi ni mzaliwa wa Morogoro. Huko ndiko nilikokutana na Sipho, Mwafrika Kusini aliyewakimbia makaburu akaishi kwetu miaka mingi, hadi Kiswahili chake kikawa cha mtu wa Morogoro kabisa. Alinioa kwa baraka za baba yangu. Kwao kulipokombolewa aliniambia sasa ni zamu yangu kuonja ugeni. Nikamfuata mwaka 1995, binti yetu Zanele akiwa mgongoni. Mdogo wake alizaliwa hukuhuku.

Sikujuta, wasomaji wenzangu. Mama mkwe alinipokea Soweto kama bintiye wa kumzaa. Baadaye tulihamia mjini, na hapo Sipho akawa mtu mkubwa kwa wageni wote wanaoongea Kiswahili. Mtanzania akikamatwa na polisi, anaitwa Sipho. Mkongo akinyimwa chumba, anaitwa Sipho. Na Jumapili, kwenye ligi yetu ya wageni, aliyeshika filimbi alikuwa ni yeye. Alisomea uamuzi, sheria zote alikuwa nazo kichwani. Watu walikuwa na msemo wao: filimbi ya Sipho haina kabila.

Nilikuwa najivunia! Nani asingejivunia mume wa namna hiyo?

Kisha akaja mdogo wangu, Shabani. Ni kitinda mimba wetu, na mama yetu alipofariki nilimlea mimi. Alipata kazi ya kupakua mizigo kwenye duka la jumla katikati ya mji, lakini roho yake ilikuwa kwenye mpira. Alikuwa mshambuliaji. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unaongea! Hata Wakongo, ambao hawasifii mtu kirahisi, walikuwa wanakuja kumtazama akifanya mazoezi.

Siku moja kocha wa timu kubwa alipita uwanjani kwetu. Alichagua wachezaji wawili waende kwake kufanya majaribio: Shabani, na beki wa timu ya Wakongo aliyeitwa Serge. Aliwapa sharti moja tu. Hataki wahuni. Atakayepata kadi nyekundu kabla ya siku hiyo asijisumbue kwenda.

Shabani alirudi nyumbani akaninyanyua juu kama mtoto. "Dada, tumetoka!" Alikuwa akicheka na machozi yanamtoka. Sipho alimpa mkono, akampongeza. Namkumbuka alivyokuwa akitabasamu... Loo!

Jumapili iliyofuata, Watanzania walicheza na Wakongo. Nilikwenda na maandazi yangu na chupa ya chai, nikakaa pembeni na wanawake wenzangu. Tulikuwa nyuma kwa bao moja na mchezo ulikuwa unaelekea mwisho. Shabani akapenya ndani ya boksi, akapiga shuti kwa ule mguu wa kushoto. Mpira ukaondoka. Ulishaondoka kabisa, nasema! Serge akaja kwa nyuma, miguu yote miwili mbele, akamvaa kwenye goti.

Mlio ule niliusikia kutoka pale nilipokaa.

Sote tulimwangalia Shabani. Nani angeangalia mpira? Tulipokuja kugeuka, tuliukuta nyuma ya goli, ambalo halikuwa na wavu. Filimbi ikalia. Wachezaji wetu wakakimbilia kwenye alama ya penalti. Sipho akanyoosha mkono kuelekea goli... Goli kiki! Na Serge hakupewa hata kadi ya njano!

Niliingia uwanjani mbio, kanga ikadondoka njiani, sikujali. Mdogo wangu alikuwa anauma nyasi kwa maumivu.

Hospitali walitueleza kwamba goti limesagika. Atatembea, lakini mpira asahau. Shabani aligeukia ukutani. Alikuwa na miaka ishirini na miwili!

Sasa mabishano yakaanza. Wiki nzima Joubert Park haikuzungumza kitu kingine. Kwenye ngazi, saluni, nje ya kanisa na nje ya msikiti, ni Serge na Shabani. Wengine walidai mtu akishaachia shuti, kinachofuata si penalti, kwa sababu nafasi yake ya kufunga ameshaitumia. Wengine wakaapa kwamba rafu ni rafu hata mpira ukiwa umefika Pretoria. Wanaume wawili walishikana mashati sebuleni kwangu, na chai yangu wanakunywa!

Sipho ndiye aliyewatuliza. Alisimama kama mwalimu akawafafanulia sheria, na nakiri aliijua. "Kumpiga mtu baada ya kuachia mpira ni rafu," alisema. "Ikiwa ndani ya boksi, ni penalti, ilimradi mpira bado uko mchezoni. Lakini ukishavuka mstari, mchezo umesimama. Hapo penalti haipo tena, inabaki adhabu ya mchezaji. Na mimi niliona mpira umevuka kabla Serge hajamgusa."

Nikamuuliza, "Na hiyo adhabu ya mchezaji iko wapi? Mbona hukumpa kadi?"

"Aliteleza, Mama Zanele. Bahati mbaya."

Kamati ya ligi ilikaa, ikamuunga mkono. Mwamuzi ameshasema, basi. Shabani, magongo yakiwa kwapani, alimwambia shemeji yake ana kwa ana kwamba mpira haukutoka. Sipho akaja juu! Akasema hawezi kulala nyumba moja na mtu anayelichafua jina lake. Mdogo wangu akafungasha vitu vyake akahamia kwa rafiki zake Hillbrow. Nililia, nikambembeleza mume wangu hadi nikapiga magoti. Wapi!

Serge akaenda kwenye majaribio. Akachukuliwa.

Shabani kazi ya kupakua mizigo ikamshinda. Nani anamtaka mpakuzi wa mguu mmoja? Akaanza kuuza pipi na sigara kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani; zikiwa nyekundu anachechemea kati ya magari, zikiwa kijani anarudi pembeni. Nikipita na teksi nilikuwa nainamisha kichwa asinione ninavyolia.

Siku moja mchana nikasikia hodi. Alikuwa Deo, Mrundi, ambaye ndiye aliyekuwa golikipa wa Wakongo siku ile. Nilitaka kumfungia mlango. Akasema, "Dada, nimemukuta Shabani kwa robot. Ameniuzia pipi, akanisalimia vizuri tu. Tangu siku hiyo chakula hakipiti."

Nikamkaribisha ndani. Alikaa ukingoni mwa kiti, mikono yake mikubwa ikihangaika.

"Ule mupira haukutoka," akasema. "Niliudaka, nikaulalia. Ulikuwa chini ya tumbo yangu wakati Serge anamupiga. Ni mimi nilisimama nikautupa inje, ili watu waje kumusaidia."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ileile. Akajibu kwamba alingoja mwamuzi aseme, kwa sababu mwamuzi alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake. "Bwana yako aliniona nikiutupa, dada. Tuliangaliana macho kwa macho. Halafu akaonyesha goli kiki. Wenzangu wakaniambia nyamaza, tumeshinda."

Nilimwambia asiondoke. Sipho aliporudi kutoka kazini alimkuta Deo sebuleni, na uso wake ukabadilika kabla hata sijafungua mdomo. Nikamwambia nimeshajua yote, ninachotaka ni sababu. Alikana. Akamwita Deo mlevi. Deo akayarudia maneno yake polepole, hakupandisha sauti. Sipho akaanza kuzunguka chumbani, mara kakaa, mara kasimama, hadi akaropoka:

"Eish! Nyinyi mnadhani ni rahisi? Nampaje kadi nyekundu shemeji yangu? Nyumbani ningeingiaje?"

"Shemeji yako nani?" nikauliza. "Shemeji yako ni Shabani. Na nyumbani kwako ni hapa!"

Deo aliinamisha kichwa. Ndipo nilipoelewa, wasomaji wenzangu... Serge ana dada anayeitwa Clarisse, anasuka nywele katikati ya mji. Mimi mwenyewe aliwahi kunisuka! Akanishika kichwa kwa mikono yake, akinisimulia habari za mwanaume wake mzuri. Deo akakiri kwamba Clarisse alikuwa na mtoto mchanga wa mume wangu, na Wakongo wote walijua. Mimi peke yangu nilikuwa napika maandazi!

Mniambie, ni lipi lililoniuma zaidi? Mtashangaa. Mwanamke wa nje niliweza kulia, nikanyamaza. Lakini goti la mdogo wangu kuuzwa ili Sipho apokelewe vizuri kwa Clarisse... hilo sikulimeza, na silimezi!

Nilikwenda kwa kamati. Wale wazee wakanisikiliza wakitazama viatu vyao. Mmoja, mtu wa dini kabisa, akaniambia, "Mama Zanele, mechi ilishaisha. Sisi ni wageni hapa, tusianikane. Funika kombe mwanaharamu apite."

Nikamjibu kwamba kombe lilishafunikwa muda mrefu, na mwanaharamu hakupita. Alikaa mezani kwangu, akala ugali wangu, akamfukuza ndugu yangu!

Jumapili nilikwenda uwanjani kabla ya mechi. Sipho alikuwa katikati na filimbi yake shingoni. Nikaingia nikasimama mbele yake. Aliniambia nisimwaibishe. Nilimwita Deo, naye akavua glavu akayasema yote mbele ya timu zote mbili, jambo ambalo hakuwa analazimika kulifanya. Wakongo wa timu yake wakamzomea, wakamwita msaliti. Hakuyumba.

Nahodha wetu akawaambia vijana wake wavue jezi. Wakavua mmoja baada ya mwingine. Baada yao, taratibu, Wakongo wawili nao wakavua. Watatu... Wengine wakabaki wamesimama, hawajui watazame wapi. Sipho alipuliza filimbi waanze. Hakusogea mtu. Akapuliza tena. Mwishoni aliondoka uwanjani peke yake.

Lakini msinipigie makofi! Matokeo hayakubadilishwa. Kadi haikutolewa. Serge aliendelea kucheza, na kwenye baa za mtaani watu walimshangilia kwenye televisheni. Sipho alihamia kwa Clarisse. Mama mkwe alinifuata hadi Joubert Park, akaniambia kwa Kizulu kwamba mimi bado ni mtoto wake, na mwanawe asikanyage kwake mpaka amwombe Shabani msamaha. Mpaka leo hajamwomba.

Shabani nilimrudisha Morogoro. Ana kibanda cha kutengeneza redio, ana mke, anaishi. Nilipokwenda kumwona, majirani walikuwa wamekusanyika kutazama mechi. Zilipopigwa kelele za penalti, aliinuka, akazunguka nyuma ya nyumba, akafungua bomba la maji likamwagika chini bure hadi kelele zikaisha. Sikumfuata. Ningemwambia nini?

Wasomaji wenzangu, hasa wanawake, nawasihi. Mwamuzi akikosea kwa kutoona, msameheni, ni binadamu. Akiona kisha akasema hakuona, msikubali kuambiwa ni mchezo tu! Msikubali kuambiwa nyamazeni kwa ajili ya ndoa, kwa ajili ya umoja, kwa ajili ya ugeni. Umoja gani huo unaosimama juu ya mguu wa mtu? Ulizeni mapema. Ulizeni kwa sauti, wakati aliyeumizwa bado yuko chini na watu bado wako uwanjani.

Sipho hutuma watu waniambie nimsamehe, kwamba yote yale yalikuwa ni kosa la sekunde moja. Nawajibu wamwambie aanze na Shabani. Tena aende kwa miguu.