Sweta, Ndoto na Mawingu ya Lenah

"Ndoto yako ishinde sweta yangu? Mama Kanyiva, tafadhali!"

"Ishinde kabisa! Sweta ni uzi tu. Ndoto hutoka juu."

Wanawake hao wawili walikuwa juu ya paa la fleti yao, mtaa wa Pipeline, Embakasi, wakianika nguo. Paa lilijaa kamba, na kamba zilijaa shuka. Upepo ulipovuma, ungedhani fleti nzima inataka kuruka.

Mama Lenah anauza mitumba. Mama Kanyiva anauza mboga pale langoni. Ni marafiki wa kushibana, lakini wiki ile hata salamu zilikuwa za shingo upande. Sababu ilikuwa Lenah.

Lenah alikuwa amefaulu mtihani wa kidato cha nne. Alitaka kusomea hali ya hewa. Vyuo vikuu viwili vilimfaa, kimoja hapa mjini, kingine mbali, huko magharibi. Vyote vina jina kubwa. Kabla ya Ijumaa, lazima aseme anakitaka kipi.

Basi Mama Lenah akafungua belo la mitumba, akakuta sweta yenye rangi za chuo cha mjini. "Hiyo ni ishara!" akasema. Jumapili akasimama kanisani akashuhudia. Mama Kanyiva naye akaota Lenah amesimama kwenye geti la chuo cha magharibi, amevaa joho. Fleti ikagawanyika. Ghorofa za chini zikawa za sweta, za juu zikawa za ndoto.

Lenah mwenyewe alikuwa amelala chali kando ya tangi la maji, akitazama anga. Aliyajua mawingu kama wengine wanavyowajua majirani. Hili ni vivu. Lile ni chokozi. Lile linapita kusalimu tu.

"Anueni nguo," alisema polepole.

Hakuna aliyebisha. Kwa mambo ya mvua, fleti nzima ilimwamini. Walikuwa wamefika kwenye ngazi, nguo mikononi, mvua ilipomwagika.

Hapo kwenye ngazi wakakutana na Mwalimu Kawsar wa ghorofa ya tatu. Mwalimu Kawsar anafundisha sekondari moja huko mtaa wa Fedha, na kila mwaka husaidia wanafunzi kuchagua vyuo.

"Mwalimu, tuamulie," alisema Mama Lenah. "Sweta au ndoto?"

Mwalimu alicheka. "Na mwenyewe anasemaje?"

Wote wakamgeukia Lenah.

"Hakuna aliyeniuliza," alisema Lenah. "Na mimi naogopa. Nikikosea, nitakaa miaka yote hiyo nikisoma nisichokipenda. Mwisho nitayachukia mawingu."

Mama yake akainamisha kichwa. Hilo hakuwa amelifikiria.

Mwalimu Kawsar akaketi kwenye ngazi. "Vyuo vyote viwili ni vizuri. Kwa hivyo jina haliwezi kuwasaidia kuchagua. Angalieni kozi yenyewe. Imeidhinishwa? Waliomaliza wanafanya kazi gani? Mtoto atalala wapi? Hayo hayaandikwi getini. Nendeni mkaone, tena siku ya masomo, si siku ya sherehe."

"Tukifika tumuulize nani?" Mama Lenah akauliza.

"Mwanafunzi wa kozi hiyo hiyo. Lakini msimuulize kama chuo ni kizuri. Atasema ndiyo. Muulizeni jana alifanya nini, asubuhi hadi jioni."

"Lakini nimeshashuhudia, Mwalimu! Kanisa lote linajua. Uso nitauweka wapi?"

"Si uliwaambia mtoto amefaulu? Basi, bado amefaulu."

Jumanne mama na binti wakaenda chuo cha mjini. Waliona uwanja wa nyasi, na ndani yake vyombo vya kupimia mvua na upepo. Mwanafunzi mmoja aliwaambia kuwa jana alipima mvua, akaandika, akapima tena.

"Hapa ni kama paa letu!" Mama Lenah alifurahi. "Tazama anga yote hii!"

Lenah alitabasamu. Anga hiyo alikuwa ameizoea.

Jumatano wakasafiri magharibi, wakalala kwa shangazi. Kesho yake wakaingia chuo cha pili. Walipelekwa kwenye chumba chenye giza kidogo, mapazia yamefungwa. Mama Lenah akakunja uso. Mtoto wake wa paa afungiwe humu?

"Jana tulikaa hapa mchana wote," alisema Triza, mwanafunzi wa mwaka wa pili. "Tulikuwa tukilifuata hili."

Akaonyesha skrini kubwa ukutani. Ilikuwa picha ya setilaiti. Wingu jeupe lilikuwa likitembea taratibu juu ya bahari, bila sauti, kama maziwa yanayojimwaga yenyewe.

"Liko wapi?" Lenah alinong'ona.

"Bado baharini. Kwenu Nairobi hakuna anayeliona. Sisi tunajaribu kujua litaelekea wapi."

Lenah akainua mkono. Hakugusa skrini. Kidole kilielea hewani, kikatoka baharini, kikapita Ukambani, kikafika Embakasi. Mama yake akaacha kutazama wingu, akamtazama binti. Uso ule aliujua. Ndio aliokuwa nao Lenah akiwa mchanga, akitazama pazia likipepea.

"Ni hapa?" mama aliuliza walipotoka.

"Ni hapa, Mama. Mawingu yaliyofika juu ya paa nayaona tayari. Nataka kujua yanakotoka."

Wakaenda kuona bweni. Wakauliza kuhusu kozi. Siku hiyo hiyo Lenah akachagua.

"Nilisema! Ndoto!" Mama Kanyiva alipiga vigelegele waliporudi, vikasikika hadi ghorofa ya chini.

"Ndoto gani, wewe? Tulikwenda tukauliza."

Jumapili Mama Lenah alisimama tena kanisani akasimulia yote. Watu walicheka, kisha wakapiga makofi.

Sasa Lenah yuko mwaka wa kwanza. Akipiga simu, huongea habari za masomo hadi chaji inaisha.

Juzi jioni mlango wa Mama Lenah uligongwa. Alikuwa Hared, jirani anayeuza viatu.

"Mama Lenah, nisaidie. Binti yangu Filsan ana vyuo viwili vya uuguzi. Mimi nataka kile alichosomea binamu yake."

"Filsan mwenyewe anasemaje?"

Hared alikuna kidevu. "Yuko hapo kwenye korido."

Mama Lenah akaongeza sahani mezani, akachungulia nje.

"Filsan! Ingia, mama. Karibu chapati na maharagwe. Kula kwanza, ushibe. Halafu sisi wakubwa tutanyamaza, wewe uongee."