Kitatange wa Ghorofa ya Saba

Saa tatu kamili asubuhi, bahari ilianza kujaa katika ghorofa ya saba ya taasisi ya utafiti wa bahari, jijini Dodoma. Maji yalipanda taratibu ndani ya tangi la kioo, yakafunika matumbawe, kisha wimbi dogo likapita juu yake kana kwamba limesukumwa na upepo. Hapakuwa na upepo. Kulikuwa na Mwambao, mtambo wenye akili mnemba uliopima chumvi na joto la maji mara elfu kwa sekunde, na ambao mkono wake wa roboti ulipangusa kioo usiku na mchana hadi kikang'aa.

Katika bahari hiyo aliishi kitatange mmoja, samaki wa matumbawe asiyezidi kiganja, mwenye milia ya manjano juu ya buluu iliyokolea. Alikuwa jike wa mwisho wa aina yake aliyejulikana kuwa hai. Dume alitarajiwa kuletwa baada ya siku tisa. Lakini jike huyu hakuwa amekula kwa siku sita.

"Maji yana ubora wa asilimia mia," Mwambao ulitangaza. "Samaki anapaswa kula."

"Mwambie yeye," alijibu Dk. Nakijwa Mbwambo, mtafiti aliyesimamia tangi hilo.

Alirudia picha za kumbukumbu. Samaki alikuwa akila vizuri mpaka Mwambao ulipochukua nafasi ya Bi Mwanakheri Faki, mlishaji wa zamani. Nakijwa mwenyewe ndiye aliyeandika tathmini iliyomwondoa: hamalizi kazi, upande mmoja wa kioo huachwa na mwani. Akampigia simu ya video.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba, Daktari. Siku sita kimya. Nikadhani nawe wamekubadilisha kwa mashine."

"Kitatange hataki kula."

Tabasamu la mama huyo likatoweka. "Nisogeze kwenye kioo."

Nakijwa aliinua simu. Kitatange alijirusha kwenye pembe ya kushoto, mapezi yamesimama, akarudi nyuma, akajirusha tena. Kwa siku sita daktari alikuwa ameandika kwamba huo ni uchangamfu.

"Huyo anapigana," alisema Bi Mwanakheri.

"Na nani? Yuko peke yake."

"Na huyo aliyemo kwenye kioo. Jike na jike hawakai nyumba moja. Kioo kikitakata mno anajiona kutwa, na atakula saa ngapi na adui yuko mlangoni? Upande ule unaopigwa na taa nilikuwa nauacha na mwani makusudi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ukanituma nikajaze fomu. Fomu haikuwa na pahala pa kitatange."

Nakijwa aliuamuru Mwambao usimamishe mkono wake.

"Usafi utashuka chini ya kiwango," mtambo ulionya.

"Na ushuke."

"Sasa chukua ule utelezi wa kwenye chujio," Bi Mwanakheri alielekeza, "upake kwa kiganja. Usione kinyaa, Daktari, haung'ati."

Nakijwa alikunja mkono wa koti jeupe, akazamisha mkono hadi begani, akapaka mwani wa kijani kioo chote cha kushoto. Kitatange alikuja mbio kumtafuta adui wake. Alizunguka mara moja, mara mbili. Mapezi yakalala. Nakijwa akadondosha vipande vya nyama ya kamba.

"Kala?" sauti ya simu iliuliza.

"Anakinusa. Anakizunguka. Kala. Kala, Bi Mwanakheri. Na cha pili. Cha tatu hiki hapa."

Daktari alikuwa akicheka, maji ya chumvi yakimchuruzika kiwikoni.

"Nirekodi sababu gani ya mafanikio?" Mwambao uliuliza.

"Andika: Mwanakheri Faki."

"Jina hilo halimo katika orodha ya wafanyakazi."

"Najua," alisema Nakijwa, kicheko kikimkauka. "Mimi ndiye niliyelitoa."

Kwenye simu, Bi Mwanakheri akauliza, "Na cha nne?"