Kabati Refu la Shangazi

Asubuhi hiyo, kabla hata ya kuvaa sare, Kidoti alikuwa anabadilisha maji kwenye kifuniko cha soda. Ndiyo kazi yake ya kwanza kila siku tangu kaka yake aende chuo cha mbali. Kifuniko kilikaa pembeni mwa boksi la plastiki, fupi na lililofifia, lenye udongo karibu kufika juu. Kwenye udongo kulikuwa na shimo, na shimoni aliishi Shangazi.

Shangazi alikuwa tarantula, buibui mkubwa wa manyoya, mpana kama kiganja cha mtoto. Kaka ndiye aliyempa jina hilo. Alisema anatembea taratibu, hapendi kuguswaguswa, na akiudhika anakupa mgongo. Alimlea tangu akiwa mdogo kama punje ya harage. Siku ya kuondoka alimshika Kidoti bega.

"Maji na panzi tu, mdogo wangu. Na usimhamishe."

Hakusema kwa nini. Gari lilikuwa linapiga honi.

Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa doa dogo la shavuni, hakuwa msemaji. Mwalimu akiuliza swali, yeye hujificha nyuma ya mgongo wa aliyekaa mbele. Lakini habari za Shangazi zilipovuja darasani, ghafla kila mtu alitaka kukaa naye.

"Jumamosi tunakuja kumwona," alisema jirani yake wa dawati, aliyebatizwa Kasuku kwa sababu hanyamazi. "Ila usiniambie anakaa kwenye boksi! Dude kama hilo linataka jumba."

"Ana... ana nyumba ya kioo," Kidoti alijibu. Masikio yakamwaka moto.

Baba yake alikuwa fundi wa vioo. Alitengeneza makabati ambayo wenye maduka hupangia viatu na simu. Karakanani kulikuwa na kabati moja refu, jembamba, ambalo mteja alilikataa kwa mkwaruzo mdogo.

"Baba, naomba hili liwe la Shangazi. Kaka amekubali."

Baba alichomoa penseli sikioni. "Amekubali kweli?"

"Ndiyo, baba."

Basi baba akalifuta, akatoboa matundu ya hewa kwenye mfuniko. Kidoti akatandaza udongo kidogo tu, usije ukaziba kioo, akasimamisha tawi katikati. Lilipendeza, jamani. Akamhamishia Shangazi humo, naye akazunguka chini usiku kucha akichimba, na kila alipochimba alikuta kioo.

Jumamosi wenzake wakaja, wakajazana mbele ya kabati. Shangazi akaanza kupanda.

"Mwoneni, mcheza sarakasi!" Kasuku alipiga makofi. "Panda, Shangazi, panda!"

Hakuna aliyejua kwamba anatafuta pa kujificha. Alifika juu kabisa. Mguu mmoja ukateleza, kisha mwingine. Akaanguka kwa sauti ndogo, kama tunda lililoiva likidondoka mkekani. Kasuku akarudi nyuma hatua moja. Chini ya tumbo la Shangazi palitoka tone la majimaji ya samawati hafifu, ndiyo damu ya buibui.

"Baba!"

Baba alimpigia simu daktari wa wanyama, akasikiliza huku akitikisa kichwa. Kisha akachukua brashi laini, akampaka Shangazi unga wa wanga wa mahindi kwenye kidonda ili majimaji yakome, polepole, kama anayegusa kioo chenye ufa.

"Daktari anasema huyu ni wa ardhini," alisema wageni walipoondoka. "Tumbo lake halivumilii kuanguka. Anataka nyumba fupi, udongo mwingi, na giza. Kaka yako alisemaje hasa?"

Kidoti aliangalia vidole vya miguu yake. "Alisema nisimhamishe."

"Na mimi ukaniambia amekubali."

"Ndiyo, baba."

Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alimtoa Shangazi akamweka kando, akalaza kabati mezani, akalikata, kipande kwa kipande, mpaka likabaki sanduku pana na fupi. Kidoti akabeba udongo, akaujaza hadi ikabaki nafasi ya kiganja kimoja tu juu yake. Akachimba shimo kwa kijiko, akalifunika kwa gome la mti. Machozi yalidondoka kwenye udongo, hakuyafuta.

Wakamwingiza Shangazi humo, akalala bila kutikisika usiku ule, na kesho yake mchana kutwa. Jioni mguu mmoja ulisogea. Akajikokota hadi kwenye kifuniko cha soda, akainama, akanywa. Kidonda kilikuwa kimekauka.

Baba aliketi kando ya Kidoti.

"Mimi nimezoea kujenga nyumba za viatu, mwanangu. Kiatu kinataka kuonekana tu. Aliye hai, unauliza kwanza yeye anaishije, siyo wageni watamwonaje. Hilo hata mimi nilikosea, sikuuliza zaidi. Lakini ni neno lako lililonifunga mdomo. Uongo mdogo, na aliyeanguka siye aliyeusema." Akampa simu. "Mwandikie kaka yako yote. Na usikate kile kipande kinachokuchoma."

Kidoti aliandika, akafuta, akaandika tena:

"Shikamoo kaka. Nilimhamisha Shangazi, nikamdanganya baba kwamba umekubali. Nilitaka wenzangu wanisifu. Alianguka, akaumia. Leo amekunywa maji. Tumemjengea nyumba fupi yenye udongo mwingi. Nisamehe."

Akatuma. Punde simu ikaonyesha kwamba kaka ameusoma ujumbe. Kidoti akasubiri. Akasubiri tena. Hakuna neno lililokuja.

Akaiweka simu mezani pale ambapo angeiona, akaenda kubadilisha maji kwenye kifuniko.