Chaki Haivumilii Jasho

Foleni ya kituo cha mafuta asubuhi ile ilikuwa ndefu, jua limeshaanza kuchoma, na kila mtu anapiga honi kana kwamba mafuta huja kwa kelele. Fundi wa viti vya pikipiki alisimama na dumu lake la lita tano, ovaroli ya bluu imemkaa vizuri kiunoni, kitambaa cha njano kichwani, uso ameukunja. Mbele yake kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri akashuka kwenye pikipiki nyekundu. Suruali yake nyuma ilikuwa imelowa chepechepe.

"Kaka," Fundi akamwita, "mtu mzima na shati la pasi, umejikojolea?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kijana akajishika nyuma, akacheka na yeye.

"Ni kiti hiki, dada. Kimechanika, mvua yote ya jana imo kwenye sponji."

"Kilete kwangu, nyuma ya maduka ya vipuri. Ulizia fundi wa viti. Na helmeti yako iko wapi?"

"Nyumbani."

"Inakulindia kitanda?"

"Dada, wewe fundi au polisi?"

"Fundi. Polisi wangekuonea huruma."

Alikuja siku hiyohiyo. Kazi yake ilikuwa kusambaza dawa kutoka ghalani hadi kwenye maduka ya dawa mjini, kwa hiyo watu walimwita Dawa tu. Kiti kikashonwa kikaisha, lakini yeye hakuisha kuja. Leo uzi umefumuka, kesho anaomba maji ya kunywa, keshokutwa hana sababu yoyote, amekaa tu kwenye benchi anamtazama Fundi akikata uzi kwa meno.

Kupenda, Fundi alipenda. Ila alipenda kwa hasira, ndivyo alivyoumbwa, na kazi yake haikumsaidia kupoa. Kila wiki aliletewa viti vya pikipiki zilizopata ajali avivalishe upya, pikipiki ziuzwe. Alikuwa akichana ngozi ya juu na kutoa sponji, na mara nyingine sponji ilikuwa imeganda damu ya mtu asiyemjua. Halafu anainua macho, anamwona Dawa anakuja kichwa wazi, anatabasamu. Alitamani kumbusu na kumzaba kibao kwa wakati mmoja.

Mwishowe akanunua helmeti mpya nyeupe, akang'oa bitana ya kiwandani ili amshonee yake mwenyewe. Siku ya vipimo alimketisha kwenye kigoda, akamzungushia futi kichwani.

"Usitikisike."

"Vidole vyako vinanitekenya, roho yangu."

"Sentimita hamsini na tisa. Kichwa chote hiki, akili umeziweka upande gani?"

"Upande huohuo uliougusa."

Fundi akamfinya sikio, lakini vidole vyake vilikawia kwenye paji la uso lile, navyo havikuwa vikipima kitu. Akachagua kitambaa cha zambarau, akachora mistari ya mshono kwa chaki nyeupe, akashona mchana kutwa huku wateja wakimsubiri. Dawa akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki, akaapa kwamba barabarani hataivua.

Kuanzia hapo mapenzi yakahamia kwenye simu.

"Umefika wapi, mpenzi?"

"Nakaribia mzunguko, laazizi."

"Nasikia upepo tu."

"Ni sauti yako inanipepea."

"Muongo mkubwa wewe!"

Akikata simu anabaki anacheka peke yake. Lakini siku Dawa asipopokea, ole wake. Fundi alinuna mpaka kesho yake, na akija anasalimiwa na cherehani tu.

Mwezi wa tatu tangu ashone bitana ile, mchana mmoja wa joto kali, Dawa aliweka helmeti mezani akaenda kununua soda. Fundi akaona amfanyie wema, amfulie bitana. Akaichomoa, akaigeuza, akaganda. Mistari ya chaki ilikuwa palepale, myeupe kama alivyoichora. Chaki ya fundi haivumilii jasho, siku moja tu ya jua kichwani inafutika. Sponji nayo ilikuwa imejaa, haijawahi kulaliwa na nywele. Damu ikampanda kichwani.

Dawa akarudi na chupa mbili za baridi.

"Hii helmeti unaivaa wapi?"

"Si kila siku unaniona nayo?"

"Naona ukiingia mtaa huu. Mimi nauliza barabarani!"

Dawa akaziweka soda chini polepole. "Naivaa pale... kwenye duka la matairi. Nikikaribia kwako."

Duka la matairi lilikuwa hatua mia mbili kutoka pale.

"Kumbe unanivalia mimi, kama shati la kuendea ukweni! Mimi ndiye lori? Mimi ndiye nitakayekugonga?"

"Nisikilize basi! Nikiivaa sisikii simu. Nisipopokea unaninunia. Jana peke yake umenipigia mara ngapi?"

"Usinitupie makosa yako!"

"Mara kumi na moja! Zote niko njiani! Nikaona heri niivue nikusikie, kuliko niivae nikukose."

"Na hayo ndiyo mapenzi?"

"Ndiyo niliyoyajua, maana uliyafurahia!"

"Toka!" Fundi alishika mkasi bila kujua ameushika. "Toka na kichwa chako hicho! Siku kikipasuka usiniletee kiti chako nikisafishe!"

Dawa aliondoka, helmeti ameitundika mkononi kama kikapu cha sokoni. Kitendo hicho kilimkera Fundi kuliko maneno yote.

Siku ya kwanza hakumpigia kwa sababu ya hasira. Siku ya pili akafungua orodha ya simu ili ahakikishe kwamba amesingiziwa. Alihesabu mara mbili. Kumi na moja, na zote saa za kazi. Hasira ikageuka, ikamrudia mwenyewe, naye hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kujifukuza dukani kwake.

"Mpigie mwenzio, mwanangu," mama yake akamwambia. "Utakufa na kijiba cha roho."

"Simpigii, mama. Nikimpigia atapokea."

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, mkokoteni ukasimama mlangoni. Juu yake pikipiki nyekundu, usukani umepinda, taa imepondeka. Msukuma mkokoteni akasema mwenye pikipiki kapata ajali, kafa palepale, na ndugu zake wanataka kuiuza.

Fundi hakuuliza jina. Alipiga magoti, akakigeuza kiti juu chini, akapapasa mishono kwa kucha. Uzi ulikuwa wa pamba, na yeye hushona kwa nailoni. Haikuwa mishono yake. Akakaa chini kwenye vumbi, akalia kwa ghadhabu, maana alikuwa amefurahi, na mahali fulani mwanamke mwingine hakuwa na la kufurahia.

Akaitoa simu. Kidole kikafika kwenye jina. Huenda wakati ule Dawa yuko kwenye mzunguko, mkono mmoja ungeacha usukani. Akairudisha mfukoni, akakalia mikono yake.

Saa kumi na moja pikipiki ikaingia kwa fujo. Dawa alishuka na helmeti kichwani, mkanda umefungwa chini ya kidevu, shati lake jeupe limejaa vumbi.

"Siku tatu!" akafoka. "Hata kunipigia! Kama umenichoka si useme?"

"Mshenzi wewe! Nimekaa hapa nakula kucha, naogopa hata kukupigia nisikuue, halafu unakuja kunifokea!"

"Sisikii, ngoja niivue."

"Usiivue!" Akampiga kifuani kwa ngumi mbili, tatu, kisha akamkumbatia, helmeti ikamgonga pua, akalia tena. Dawa akaivua hata hivyo. Nywele zilikuwa zimelala chapa, jasho linamtiririka shingoni.

"Nilidhani umeniacha," akasema.

"Nilinyamaza ili ufike, mjinga wewe."

Dawa akaiweka helmeti kwenye kiti cha pikipiki. Akamtazama hivyo alivyo, vumbi magotini, macho mekundu.

"Nataka kukuoa."

Fundi akafuta pua kwa mkono wa ovaroli. "Sikujibu sasa hivi. Panda, nenda mpaka kwenu. Fika, zima pikipiki, weka stendi, ndipo unipigie."

"Lakini—"

"Nimesema nenda!"

Akaivaa helmeti, akafunga mkanda, akaenda. Duka la matairi akalipita, kichwa bado cheupe, mpaka akapotea. Fundi alifunga milango, akafungua, akafunga tena. Dakika ishirini na tano. Simu ikaita.

"Umesimama?"

"Nimesimama."

"Umezima?"

"Nimezima, mpenzi."

"Haya. Nimekubali," Fundi akasema. "Lakini bado nina hasira na wewe."